Dawa na mafuta ya kuwashwa kwa mgonjwa wa dialisisi: nilivyonunua hapa Dodoma, kipi kinalipa na kipi ni kutupa hela

Naanza na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke na kitu. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine na anawashwa mpaka halali, hela inayoonekana kazi yake ni ya kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, pamoja na dawa moja ya vidonge ambayo lazima daktari wa figo aiandike yeye. Vingine vyote nilivyobeba kwenye mifuko ya kaki kutoka famasi za hapa mjini vingi ni vya katikati, vichache ni hasara tupu, na kimoja nataka nikipigie kelele kabisa.

Mgonjwa ni shangazi yangu, dada wa baba, katoka Kondoa na anakaa kwangu Ipagala tangu figo zigome. Mashine anaenda mara tatu kwa wiki, masaa manne kila akienda, bima inabeba, na kusema ukweli mashine yenyewe aliizoea haraka kuliko sisi tunaomsindikiza. Kilichomshinda ni kuwashwa. Usiku unasikia kitanda kinalia, ukiwasha taa unamkuta kakaa kitako, kashika gunzi la mahindi, yaani gunzi, anajipitisha mgongoni juu chini kama mtu anayesugua sufuria lililoungua, na asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Ukimuuliza anakwambia "mwanangu, kunawasha huku ndani, huku juu nakuna bure tu." Hiyo sentensi naomba muishike, maana imebeba akili kuliko nusu ya watu walioniuzia vitu.

Kitu cha kwanza ambacho kila muuzaji alikiruka: shangazi hana upele. Hana kipele hata kimoja ambacho kimeanza chenyewe, alama zote mwilini ni za kucha na za lile gunzi. Muwasho wa figo ndo ulivyo mara nyingi, unakuja pande zote mbili za mwili, mgongoni sana, mikononi, wakati mwingine kichwani, unazidi usiku na unazidi kwenye joto, na ngozi unaikuta kavu tu. Sasa kama nyumbani kwako wanajikuna na watoto, na kuna vipele katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mkono, hiyo ni habari nyingine, hiyo inaweza kuwa upele ule wa kuambukizana, na dawa yake ni ya kupaka watu wote wa nyumba siku moja. Lazima daktari aangalie kwanza, maana mgonjwa wa figo naye anaweza kupata upele kama mtu yeyote.

Haya, tuje kwenye bidhaa.

Piritoni na ndugu yake setrizini. Hivi ndo vitu vya kwanza kupewa kila dirisha la dawa ukisema neno kuwashwa, hata hujamaliza sentensi kashaweka kwenye bahasha. Bei chee, na ndo maana watu wanaendelea kununua. Kwa shangazi Piritoni ilimlaza tu, kuwashwa kuko palepale, akiamka anajikuna akiwa na usingizi, na kwenda msalani usiku ikawa kazi ya kushikana mkono asije akaanguka. Dokta wa kitengo cha figo alituelezea vizuri sana, kwamba hizi dawa zinazuia histamini, ile ya aleji, na muwasho wa figo kwa sehemu kubwa hauendeshwi na histamini. Unaendeshwa na mishipa ya fahamu iliyovurugika, na uchochezi mwilini, na taka ambazo mashine haizitoi zote, na ngozi iliyokauka kwa sababu tezi za jasho na mafuta zimesinyaa. Juu ya hapo setrizini inatoka kwa njia ya figo, kwa hiyo mtu wa mashine hatakiwi kumeza dozi ya mtu mzima kama mimi na wewe, inapunguzwa. Nani pale dirishani aliniuliza kama mgonjwa ana figo? Hamna. Nyota moja, na hiyo ni ya bei.

Poda ya mentholi, ile ya baridi. Shangazi anaipenda, anasema inampa kupumua. Ni kweli inapoza, dakika chache, halafu muwasho unarudi, na mahali penye mchubuko inachoma mpaka machozi. Pia poda inakausha, na ngozi yenyewe tayari imekauka. Tunayo ndani bado, anajipaka shingoni mchana wa jua kali. Kalamaini nayo ni hivyohivyo, inapoza, ikikauka inabaki ukoko mweupe kama chokaa na ngozi inazidi kubana. Kwa ukurutu wa mtoto sijui, kwa mgonjwa wa figo mwenye ngozi kavu sioni kwanini ununue.

Sasa kile cha kupigia kelele. Famasi moja maeneo ya mjini, jina naliacha, kijana aliniangalia, akaangalia picha ya mgongo wa shangazi kwenye simu, akanitolea tyubu akasema "hii ni kiboko, ina dawa tatu ndani." Na kweli zilikuwa tatu: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki, zimekorogwa pamoja. Hakuuliza umri, hakuuliza anatumia nini, hakusema apake sehemu gani wala kwa muda gani. Wiki ya kwanza unaona miujiza, maana steroidi inatuliza kila kitu, halafu ngozi ya mzee inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia kitumbua, inachubuka ukigusa. Na mgonjwa wa mashine ana ule mkono wa fistula, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie hapo, ndo mlango wa uhai wake, ngozi ya pale ikichubuka wadudu wakaingia umetafuta kesi kubwa kuliko kuwashwa. Nesi alipouona ule mkono hakucheka. Steroidi ina kazi yake, pale penye ukurutu au vinundu vya kujikuna sana daktari anaweza kuandika, sehemu ndogo, siku chache. Ya kupaka mgongo mzima kila usiku kwa sababu kijana kasema kiboko, hapana.

Na kwa kuwa tumegusa mambo ya krimu: zile za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa siri na wenye meza, ambazo kuna jirani alimwambia shangazi "zinalainisha ngozi", zikae mbali kabisa na nyumba yenye mgonjwa wa figo. Baadhi zina zebaki, na zebaki inapenya ngozi inaenda kuumiza figo, kuna watu wenye figo nzima kabisa wameharibikiwa nazo. Zimepigwa marufuku miaka mingi na bado zipo.

Mafuta ya mgando ndo mshindi wa rafu nzima, na naona aibu kuandika maana ni kitu cha kila duka. Kopo kubwa, lisilo na harufu wala rangi, linanunulika kwa hela ya kawaida kabisa na linakaa muda. Ila kuna namna ya kulitumia na hapo ndo tofauti. Shangazi alikuwa anaoga maji ya moto sana, kwa sababu maji ya moto yanatuliza muwasho kwa dakika mbili, anajisugua na dodoki na sabuni ya mche ileile ya kufulia. Sasa jumlisha na hali yetu ya Dodoma, kuanzia Mei mpaka mvua zije ni upepo, vumbi na ukavu tu, Juni na Julai baridi asubuhi, midomo inapasuka hata kwa mwenye afya, na maji ya visima vingi huku yana chumvi, sabuni haitoi povu mpaka uongeze, ukiongeza ndo unakausha zaidi. Nesi akasema maji ya vuguvugu, haraka, sabuni laini isiyo na manukato na apake pale panapohitaji tu, dodoki litupwe. Akitoka asijifute mpaka akauke, ajikaushe kwa kugusagusa na kanga, halafu mafuta ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na unyevu. Asubuhi na kabla ya kulala. Hilo tu. Ngozi ya miguuni iliyokuwa na magamba ya kijivu ikalainika, na muwasho ukashuka kidogo. Nasema kidogo, sitaki mtu anirudie kudai nimemdanganya. Usiku bado alikuwa anaamka.

Mafuta ya alizeti nayo tulijaribu kwa sababu huku ndo kwenyewe, ya kukamua kutoka Singida unayapata kila mahali kwenye dumu. Sio ushamba, mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi inaitumia kujenga ukuta wake, na ni rafiki wa ngozi kuliko mafuta ya zeituni ambayo watu wanayanunua ghali. Shida yake ni harufu, na shuka linageuka rangi, na ukitoka nje nayo vumbi lote la Dodoma linakaa juu yako. Shangazi anapaka miguuni usiku kwa sababu anasema yanamkumbusha kwao. Kuna pia losheni ya yurea, hii ni nzuri kwa nyayo na sehemu ngumu, ila inauma palipochubuka na bei yake si ya kuchezea. Kama hela ni ya mawazo, kopo la mgando linatosha.

Sasa hizo zote ni za juu, na shangazi alishasema kunawasha ndani.

Dawa iliyotugeuzia usiku inaitwa gabapentini. Kwa asili ni ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu, ila kwenye muwasho wa figo ndo moja ya dawa zenye ushahidi mzuri na inapatikana hapa kwetu. Kuna utafiti wa Uturuki wa mwaka 2004, wagonjwa 25 wa mashine, walipewa miligramu 300 baada ya kila kusafishwa na muwasho wao ukashuka kutoka wastani wa 8 na pointi kwenye kipimo cha 10 mpaka 1 na pointi. Ni watu wachache, lakini tafiti zilizofuata zimeendelea kuiunga mkono. Siku hizi madaktari wengi wanaanza chini zaidi, miligramu 100 baada ya mashine, wanapandisha taratibu.

Hapo kwenye "baada ya mashine" ndo pa kusoma mara mbili. Hii dawa inatoka kwa figo. Kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi haitoki, inabaki inazunguka mpaka mashine ije kuitoa. Mtu mwenye figo nzima anaweza kuandikiwa 900 na kuendelea kwa siku, ukimpa mgonjwa wa mashine dozi hiyo atalegea, atachanganyikiwa, atatetemeka, anaweza hata kupoteza fahamu. Shangazi kwa kidonge kile kidogo tu, usiku wa kwanza alilala kama hajawahi kulala, ila asubuhi alikuwa anayumba mpaka nikampigia nesi simu. Wakasema avumilie na asitembee peke yake, ikazoeleka. Sa hivi bado anawashwa ila gunzi liko jikoni linawashia moto. Anaamka mara moja usiku, na mara nyingi ni kwa sababu ya kiu.

Na hapa naisifia famasi ambayo niliikuta kwa kubahatisha karibu na stendi ya bajaji, kaduka kadogo hata kiyoyozi hamna. Dada wa pale aliangalia cheti, kiliandikwa 100, yeye alikuwa na za 300 tu. Kwingine nilishaambiwa "chukua hizi, ni dawa ileile." Huyu akaniuliza mgonjwa anasafishwa siku gani, mara ya mwisho lini, anatumia dawa gani nyingine za usingizi au maumivu, halafu akasema "dada, hii 300 sikupi, subiri kesho niiagize ya 100, na asimeze siku ambayo hajaenda mashine mpaka daktari aseme." Alikosa mauzo ya siku ile kwa hiari yake. Kesho yake ilikuwepo, akaandika kwa kalamu nene juu ya boksi JUMATATU JUMATANO IJUMAA BAADA YA MASHINE, kwa herufi ambazo shangazi anaziona bila miwani. Shangazi siku moja tulipita akasisitiza ashuke kwenye bajaji aende kumsalimia, yule dada akamwamkia "shikamoo bibi, usiku unalala?" Kukosoa ni kimoja, wanafunga mapema, ukitoka mashine ya jioni huwakuti.

Nirudi kwenye kitengo, maana kuna vitu viwili havinunuliwi dukani na vyenyewe ni vya bure kama una bima. Cha kwanza ni kuuliza mashine inamsafisha vya kutosha au la. Kuna kipimo wanaita Kt/V, kwa anayeenda mara tatu kwa wiki wanataka isishuke chini ya 1.2, lengo ni kama 1.4. Shangazi alikuwa na tabia ya kuomba atolewe mapema, "nusu saa tu jamani, bajaji inanisubiri," na nusu saa ukiijumlisha kila wiki si ndogo. Akikaa masaa yake yote taka zinatoka zaidi. Cha pili ni kuulizia vipimo vya fosforasi, madini yanayotoka kwenye chakula, na ile homoni ya parathairoidi inayosimamia madini hayo mwilini. Fosforasi ikipanda sana kuwashwa kunaweza kuzidi, ingawa kuna wanaowashwa na vipimo viko sawa, kwa hiyo msimgombeze mgonjwa kila akijikuna kwamba kala vibaya. Alikuwa amepewa vidonge vya kalisiamu kaboneti na anavimeza usiku kabla ya kulala kwa sababu ndo anakumbuka. Vile vinatakiwa viingie na chakula, vikutane na fosforasi tumboni viikamate kabla haijaingia kwenye damu. Ukivimeza tumbo tupu hiyo kazi haifanyiki. Na soda nyeusi aliyokuwa anaficha chini ya kitanda ina asidi ya fosforiki, inaingia karibu yote mwilini haraka. Dagaa, karanga na maziwa tumepunguza, hatujafuta, maana mtu wa mashine anahitaji protini na mtaalamu wa lishe alisema tusimkondeshe kwa hofu.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote angeweza kuambiwa mapema, ila hakusema. "Nesi ana kazi nyingi, nimsumbue na mambo ya kujikuna?" Na si yeye peke yake, utafiti mkubwa uliohusisha nchi nyingi ulikuta karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa mashine wanasumbuliwa na muwasho kuanzia wa wastani kwenda juu, na katika wale wanaowashwa karibu muda wote, 17 kwa kila 100 hawakuwa wamemwambia mhudumu yeyote wa afya. Wakati huohuo anamwambia mwenye duka la dawa, ambaye anamuuzia Piritoni. Mimi sa hivi kabla hatujatoka nyumbani namuuliza "shangazi, usiku wa jana kwenye kumi ni ngapi?" anasema nne, tano, naandika kwenye daftari nampa nesi. Namba haimsumbui mtu.

Kuna waliosikia sindano mpya na wananiuliza. Ipo, inaitwa difelikefalini, Marekani waliipitisha mwaka 2021, Ulaya 2022, ni maalum kwa muwasho wa wagonjwa wa mashine, inachomwa kwenye mpira wa mashine mwisho wa kusafishwa. Kwenye jaribio lake kubwa la wiki 12 karibu nusu ya waliochomwa walipungukiwa muwasho kwa pointi 3 au zaidi, na waliochomwa ya bandia ni kama 3 kati ya 10, kwa hiyo inasaidia ila si uchawi. Sijaiona kwenye famasi yoyote niliyoingia na sina cha kuipa nyota. Ila mtu akikuletea kichupa mkononi anasema ndo hiyo, muulize kwanza kaitoa wapi. Mionzi ya UVB nayo inasaidia wengi, ni mashine yenye mwanga wa kipimo maalum chini ya daktari wa ngozi. Kumwanika shangazi juani uwanjani saa saba mchana, kama alivyoshauri mjomba mmoja kwenye grupu la ukoo, siyo tiba hiyo.

Na upandikizaji ukifanikiwa muwasho kwa wengi unaondoka wenyewe. Hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, si lazima tena kuwaza India, ila shangazi ana umri wake na moyo wake, tumeambiwa tusubiri vipimo.

Vitu vidogo vya kumalizia manunuzi: kikata kucha kizuri, kila Jumapili tunakata na kuzipiga msasa. Nguo ya kulalia ya pamba, dera lile la nailoni tuliligawa. Soksi za pamba za mikononi usiku, shangazi alikataa katakata, kasema yeye si mtoto mchanga. Dawa ya majani ya "kusafisha figo" kwenye chupa ya maji, iliyoletwa na mgeni kwa moyo mzuri, tuliipokea, tukashukuru, tukaimwaga, maana hakuna anayejua ina potasiamu kiasi gani, na potasiamu ikizidi kwa mgonjwa wa figo ni hatari kwa moyo. Na kopo la mgando nunua lile kubwa, madogo ukipiga hesabu unalipia kopo tu.